Matema: Pwani Iliyo Karibu Nasi

Wengi wetu wa Mbeya na Iringa tukisikia neno pwani tunafikiri Dar es Salaam au Bagamoyo. Kumbe pwani tunayo karibu. Ni Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ukitoka Iringa unafika Uyole, unakata kushoto kwenda Tukuyu, unateremka mpaka Ipinda, halafu Matema. Koti liache nyumbani, kule ni joto!

Twende Jumamosi. Siku hiyo kuna soko Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kabla ya kununua, gonga chungu kwa kidole. Chenye ufa hakilii vizuri.

Ziwa hili lina habari za meli. Wajerumani walileta yao, Hermann von Wissmann, vipande vipande. Ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa huko Liuli, mbali kusini, mkoa wa sasa wa Ruvuma. Mara ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Tena nahodha aliyempiga, Rhoades, alikuwa rafiki yake. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda mtumbwi akamfuata kumwuliza, ati, umelewa? Akashikwa mateka.

Sasa samaki. Ziwani mna aina zaidi ya 500, na wengi hawapatikani po pote pengine duniani. Wengi hulea mayai mdomoni mpaka yaanguliwe.

Mbasa yeye ni tofauti. Hutoka ziwani akapanda mto ili atage kwenye changarawe. Huko hukutana na nyavu zilizoziba mdomo wa mto. Jike akivuliwa na mayai yake, watoto wote wamekwenda naye. Akiponyoka, changarawe nazo huenda zimefunikwa na tope. Tope hilo linatoka wapi? Mto Kiwira unateremka kutoka milima ya Rungwe, na sisi wa huku juu tunalima mpaka ukingoni.

Ukitaka kuoga, waulize wenyeji kwanza. Karibu na midomo ya mito kuna mamba.