Pijo 404 ya Dar ilivyobeba Safari mara mbili mfululizo

MPANDA. Mzee yeyote wa Ilembo aliyewahi kushika usukani kabla lami ya Tabora–Koga–Mpanda haijafika, hahitaji kuelezwa Safari Rally ilikuwa kitu gani. Anaijua kwa mgongo wake.

Barabara ile ya kilomita 342 ilizinduliwa 2022. Kabla ya hapo, mvua za masika zikishaloweka udongo mweusi wa mbugani, gari lilikuwa linazama mpaka ekseli. Abiria wanashuka kusukuma, utingo anakata matawi ya kutupia chini ya tairi, na dereva anageuka fundi, nahodha na mganga wa kienyeji kwa wakati mmoja. Ukifika Mpanda salama umeshinda. Hakuna aliyeuliza umetumia saa ngapi.

Sasa chukua shida hiyo hiyo, ongeza usiku, ongeza saa inayohesabu kila dakika uliyochelewa, halafu itandaze kwa kilomita zinazokaribia 5,000 ndani ya siku chache za Pasaka. Hapo umepata East African Safari ya miaka ya 1960.

Njia zake zinazokumbukwa hazikuwa huku Katavi. Upande wa Tanzania magari yalishuka Dar es Salaam, yakapanda milima ya Usambara, yakaparamia miteremko ya Mbulu. Lakini tope ni lile lile. Na katika tope hilo Tanzania iliwahi kuwa na bingwa wake, tena si wa kubahatisha. Ni bingwa aliyebeba kombe mara mbili mfululizo, na leo ukimtaja kijiweni watu wanatazamana tu.

Jina lake Bert Shankland.

FUNDI NA CHUMA CHAKE

Shankland alikuwa mzaliwa wa Scotland aliyeweka makazi Dar es Salaam na kufanya kazi Tanganyika Motors, kampuni iliyokuwa ikiuza Peugeot. Kwa maneno mengine, gari alilolishindania ndilo alilolala na kuamka nalo kazini. Pembeni yake alikaa Chris Rothwell, msoma ramani wake.

Chuma chao kilikuwa Peugeot 404, ile ambayo Watanzania waliibatiza "Pijo". Injini yake haikufika hata lita mbili, ilikuwa sentimita za ujazo 1,618, ila ilikuwa na pampu ya kusukumia mafuta badala ya kabureta. Kwa gari la familia la enzi zile, huo ulikuwa ujanja. Lakini siri kubwa haikuwa kasi. Ilikuwa chini: gari limeinuka, springi zinameza mashimo, bodi haichanuki kirahisi. Lingeweza kupigika siku tatu na bado likarudi nyumbani linapumua.

Pasaka ya 1966, Shankland na Rothwell wakashinda. Pasaka ya 1967, wiki saba tu baada ya Azimio la Arusha, wakarudi na Pijo 404 wakashinda tena.

Kwa watu wa soka, kumbukeni ni miaka gani hiyo. Mwaka 1966 Sunderland, ambayo leo ndiyo Simba, ilitetea ubingwa wake wa ligi. Mwaka 1967 Cosmopolitan ikawapokonya. Yanga wao walikuwa bado wanasubiri hadi 1968. Wakati vijiwe vya Kariakoo vikibishana kuhusu hao, mkazi wa jiji lile lile alikuwa ameshachukua mara mbili mashindano ambayo timu za viwanda vya Ulaya zilikuwa zikiyalilia.

Na zililia kweli. Tangu Safari ianze 1953, ikiwa sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilichukua hadi 1972 kwa dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki kuibeba. Huyo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort yake. Kabla yake walikuja wakubwa wengi wakaondoka na vumbi. Erik Carlsson wa Sweden, jitu la watu, alikuja na kigari cha Saab. Inasimuliwa kwamba 1964 alipokwama kwenye tope, alikibinua kikabingirika mpaka ardhi kavu, akaingia ndani akaendelea. Alimaliza wa pili. Mbinu ilikuwa nzuri, ila wenyeji walikuwa na nzuri zaidi: kutokukwama.

SABA KATI YA 84

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalimaliza tena saba. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, na miaka yote miwili alikuwa ndani ya Pijo 404. Ukijumlisha na yale ya Shankland, gari hilo limebeba Safari mara nne kati ya 1963 na 1968. Mnaoshangaa kwa nini wazee walikuwa hawasikii la kuambiwa kuhusu Peugeot, jibu ndilo hilo.

Katikati yao alipita Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyeitwa Simba (Yanga wasinune). Huyu 1965 alishinda na Volvo ya mtumba, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imeshalitumia mwaka uliotangulia. Akaja kushinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Alishiriki Safari 22, akamaliza 19. Takwimu hiyo ya kumaliza ina uzito kuliko makombe yake matatu, maana barabara hazikufungwa. Ukitoka kwenye kona ungeweza kukutana na lori, ng'ombe au harusi.

Naye Shekhar Mehta? Mganda mwenye asili ya Asia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, Mehta akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, akiwa na Datsun 240Z, alilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na kombe likaenda kwa Mehta. Ni kama mabao ya ugenini, ila hapa ugenini ulikuwa maisha yake mwenyewe. Alikuja kushinda nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hapo ndipo hadithi ya Tanzania inapokatika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake. Uganda ilikuwa mikononi mwa Amin, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inachechemea hadi ikavunjika 1977. Dereva wa Dar aliyetaka Safari sasa alikuwa mgeni kama Mzungu wa Finland. Hakuna aliyemshinda barabarani. Mashindano yenyewe ndiyo yaliyohama.

Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejea 2021 kule Naivasha. Ni nzuri kutazama, lakini kilomita zake za ushindani hazifiki 400. Wanaotaka ladha ya zamani wana Safari Classic iliyoanza 2003, ya magari ya enzi zile, ambayo baadhi ya miaka imevuka mpaka hadi Tanzania. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili 1974 akiwa na Porsche 911. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi kwenye Classic na Porsche 911 nyingine, mwanawe Mathias akimsomea ramani. Safari hii akashinda.

Kwa upande wetu ipo raundi ya ubingwa wa Afrika, ambayo miaka ya karibuni imebeba jina la Mkwawa. Vijana wanakanyaga mafuta vizuri tu. Ila ukiwauliza nani alikuwa bingwa wa Safari kutoka Dar es Salaam, wengi watataja jina la Kenya.

Huku Ilembo Pijo zimekwisha, barabara kubwa ina lami na mabasi yanakimbia. Ila ukichepuka kuelekea mashambani mwezi Aprili, tope bado lipo pale pale, na utingo bado anakata matawi.