Video inagoma kutoka: tafuta shida iko wapi mbele ya kufuta kitu

LUBUMBASHI – Kilio kimekwisha ku Katuba. Jamaa wanangoja video. Watoto wengine wako Johannesburg, wengine Kolwezi. Hawakufika, na wanataka kuona vile nkambo, bibi yao, alisindikizwa. Kijana aliyepiga picha kwa simu amefanya montaji usiku mzima juu ya laptopu ya kuazima. Anabonyeza kitufe cha kutoa video. Inafika asilimia 63, inasimama. Anaanza upya: 63 tena.

Huu ni mfano, lakini kila mtu anayeanza kazi ya video anaujua. Mashine kusimama si hatari kubwa. Hatari iko katika kile kijana anafanya nyuma ya pale: anafuta video za asili apate nafasi, anaondoa programu na kuirudisha, anasafisha karte memwari. Harusi watu wanaweza kurudi kupiga picha na nguo zao. Kilio hakirudiliwi.

Lubumbashi ni mji uliozoea picha. Tangu 2008 unapokea biennale ya shirika Picha, ambayo mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, ni mmoja wa waanzilishi wake. Lakini vijana wengi wanajifunza video peke yao, kwa simu, na mara nyingi shida ya kutoa video ndiyo inawavunja moyo. Karibu kila shida ina sababu yake, na sababu inaweza kutafutwa kwa utaratibu.

Montaji si video

Jambo la kwanza kuelewa: programu za kompyuta kama DaVinci Resolve, Kdenlive ao Shotcut haziweki picha ndani ya montaji. Zinaandika tu maagizo: chukua video ile, pale ilipo, kata hapa, ongeza wimbo pale. Faili ya montaji ni ndogo sana, na mtu akiibeba peke yake ku flashi kwenda kwa rafiki, anafika na karatasi ya maagizo bila picha hata moja.

Ndiyo maana ukitoa karte memwari, ukibadilisha jina la video ao ukihamisha folda, programu inaonyesha sehemu nyekundu ao inasema faili haionekani. Kazi haijapotea. Rudisha faili pale ilikuwa, ao onyesha programu mahali pake mpya. Dawa ya kudumu ni kufungua folda moja kwa kila kazi, kunakili kila kitu ndani (video, picha, nyimbo), kisha ndiyo kuanza montaji.

Kwa wale wanaotumia CapCut ku simu, wajue kwamba montaji ambayo haijatolewa inakaa ndani ya simu. Ukiondoa programu, inaweza kwenda nayo.

Inasimama palepale, ao kila mara pengine?

Swali hili moja linaokoa saa nyingi. Angalia video inasimamia wapi, kisha ujaribu mara ya pili.

Ikisimama kila mara pahali pamoja, shida iko ndani ya montaji, karibu na pale. Kama video ya kijana wa Katuba ina dakika 20, asilimia 63 ni karibu dakika ya 12 na sekunde 36. Hesabu hii si kamili, lakini inaonyesha upande wa kutafuta. Pengine kuna kipande kilichoharibika wakati wa kutumwa, picha kubwa kupita kiasi, ao efekti ambayo mashine haiwezi.

Namna ya kutafuta: toa nusu ya kwanza peke yake, kisha nusu ya pili. Ile inayokataa, igawe tena mara mbili. Baada ya mara tatu ao ine, unabaki na kipande cha dakika moja hivi. Ondoa efekti yake, ao weka upya kipande kutoka faili ya asili, ujaribu tena.

Ikisimama kila mara pahali tofauti, usipoteze wakati kutafuta kipande kibaya. Hapo ni mashine inachoka: moto, memwari ndogo, batri, ao nafasi ya diski imekwisha. Funga programu zingine zote, weka laptopu juu ya meza ngumu wala si juu ya kitanda, acha ipoe, kisha anza tena.

Piga hesabu ya nafasi

Video ya kawaida ya HD inaweza kutolewa kwa megabiti 8 kila sekunde. Hiyo ni karibu megabaiti 60 kwa dakika moja. Nusu saa inafika gigabaiti 1.8. Sherehe ya saa moja na nusu inafika gigabaiti 5.4. Simu yenye nafasi ya gigabaiti 2 haitaweza, hata ikijaribiwa mara kumi.

Kuna mutego mwingine. Mtu anataka kuweka video ile ya gigabaiti 5.4 ku flashi ya gigabaiti 32 ambayo iko tupu, na flashi inakataa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayopita gigabaiti 4. Unaweza kuipanga upya kwa exFAT, lakini kuipanga upya kunafuta kila kitu kilicho ndani, na televisheni zingine za zamani hazisomi exFAT. Njia nyepesi ni kutoa sherehe katika sehemu mbili: kanisani, kisha salani.

Kuran ikikatika katikati

Video ya MP4 ina kitu kama orodha ya yaliyomo ndani ya kitabu: inaambia simu ao televisheni kila picha iko wapi. Mara nyingi orodha hiyo inaandikwa mwishoni kabisa. Kuran ikikatika ku asilimia 90, faili inabaki kubwa lakini haina orodha, na haifunguki. Usihangaike nayo. Montaji yenyewe iko, kama uliihifadhi, toa upya.

Pahali kuran haiaminiki, toa kazi kwa vipande vya dakika tano ao kumi, kisha uviunganishe. Kuran ikikatika, unapoteza kipande kimoja tu.

Sauti inaachana na mdomo

Angalia kama kuchelewa kunalingana toka mwanzo mpaka mwisho. Kama kunalingana, sogeza sauti tu. Lakini kama mwanzo ni sawa na mwisho muhubiri anafunga mdomo wakati sauti bado inaendelea, sababu kubwa ni simu: simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo mmoja, zinaongeza na kupunguza idadi ya picha kwa sekunde, hasa katika giza. Programu za kompyuta zingine zinachanganyikiwa. Pitisha video kwanza ndani ya HandBrake, programu ya bure, uchague mwendo wa picha usiobadilika, kisha ufanye montaji na faili mpya.

Na kama sauti inasikika lakini picha ni nyeusi, pengine simu ilipiga kwa H.265, ambayo mashine za zamani zinashindwa kusoma. HandBrake inaweza kuibadilisha kuwa H.264. Kwa kazi ijayo, tafuta H.264 katika mipangilio ya kamera.

Kutuma bila kuharibu

Video ikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na nyuso zinafifia. Ikitumwa kama dokima, inafika vile iko, mpaka gigabaiti 2, lakini mega zinakwisha mingi kwa anayetuma na kwa anayepokea. Na video iliyokwisha kubanwa hairudi safi kwa kuitoa tena kwa ukubwa wa 4K. Faili inakuwa nzito tu, juu kile kilichopotea hakirudi. Omba wapiga picha wenzako wakupe faili zao kwa flashi ao kwa waya, si kwa WhatsApp.

Baada ya kutoa, angalia video yote, toka mwanzo mpaka mwisho, ku simu nyingine ao televisheni, si ku mashine ileile iliyoitoa. Nakili video za asili pahali pawili. Kisha wape jamaa, ungoje waangalie na waseme iko sawa, hata wale wa Johannesburg. Hapo ndipo unaweza kusafisha karte memwari kwa kazi ingine.