Mbuzi Alitupa Mimba Siku Gani?

Mwishoni mwa 2006 mvua za El Niño ziliifurisha Ijara, huko Garissa. Mayai ya mbu yaliyolala miaka kadhaa kwenye udongo wa madimbwi makavu yakaanguliwa, mbuzi na kondoo walioumwa na mbu hao wakatupa mimba kwa wingi, na wastani wa wiki mbili na nusu baadaye watu nao wakaanza kuugua Homa ya Bonde la Ufa. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa na wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamekufa.

Wiki hizo mbili na nusu ndizo anazozikimbiza mtu anayetaka kuunda programu ya simu ya kuripoti magonjwa ya mifugo Sangailu, huko huko Ijara. Vifaa anavyo: Flutter humwezesha kuandika programu mara moja kwa Android na iPhone, na Firestore ya Google humpa kanzidata ya winguni bila kununua seva. Tangu 2024 anaweza kuiweka Johannesburg. Afikirie kwanza, maana mahali pakishachaguliwa hapabadilishwi.

Kazi iko malishoni, kusikokuwa na netiweki. Firestore huandika kwanza ndani ya simu, kisha hutuma mtandao unaporudi. Lakini programu ikiamriwa kungoja jibu la seva, skrini itazunguka tu. Mfugaji ataona ripoti imepotea, ataijaza upya, na mbuzi mmoja atahesabiwa wawili. Heri simu iseme papo hapo “Imehifadhiwa”, na kando ionyeshe ambazo hazijatumwa.

Mtego mbaya zaidi ni saa. Waundaji wengi huiamini saa ya seva, kwa kuwa ya simu huweza kwenda kombo. Sawa, ila seva hurekodi ripoti ilipofika, basi. Mbuzi akitupa mimba Jumatatu na mtandao ukapatikana Ijumaa, daktari wa mifugo aliyeko Garissa mjini ataona ugonjwa umeanza Ijumaa. Siku nne zimeliwa, na hakuna aliyedanganya! Kwa hiyo fomu iulize siku ya tukio lenyewe, na saa ya seva ihifadhiwe pembeni yake.

Halafu kuna ruhusa. Kanzidata ikifunguliwa katika hali ya majaribio, kwa siku 30 yeyote anaweza kusoma na kufuta, hata namba za simu za wafugaji na mahali mifugo ilipo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 haina huruma na uzembe huo. Mfugaji aruhusiwe kuandika na kuona ripoti zake mwenyewe. Za wengine azisome daktari wa mifugo.