Ukoko wa Chumvi Kando ya Matangi ya Samaki wa Baharini Unavyohatarisha Vifaa vya Umeme

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayefuga samaki wa baharini ndani ya tangi, iwe nyumbani, kwenye ukumbi wa hoteli au katika kituo cha kutotolea vifaranga vya samaki, hauchukui muda kabla ya kuona ukoko mweupe ukijijenga ukingoni mwa tangi, kwenye mfuniko na juu ya nyaya za pampu. Wengi huuona kuwa ni uchafu wa kusubiri siku ya usafi. Kwa vifaa vya umeme, ukoko huo ni njia inayopeleka maji mahali ambapo hayakutarajiwa kufika.

Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mapovu ya pampu ya hewa yanapopasuka hurusha matone madogo mno. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ukoko ukishaanza hufanya kazi kama utambi wa taa: maji hupanda ndani yake, hukauka kwenye ncha, nayo ncha husogea mbele. Hivyo chumvi huweza kuufuata waya kutoka kwenye tangi hadi kwenye plagi bila tone hata moja kuonekana likidondoka.

Katika mwambao hali ni ngumu zaidi. Chumvi ya kawaida hufyonza mvuke wa hewani na kuanza kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho Dar es Salaam na Tanga hukivuka mara nyingi nyakati za alfajiri. Ukoko uliokuwa mkavu mchana huweza, kwa sababu hiyo, kupitisha umeme usiku, watu wakiwa wamelala.

Umeme kidogo ukipita kati ya meno ya plagi juu ya chumvi yenye unyevu, joto huikausha, cheche ndogo huruka na plastiki huanza kuungua. Plastiki iliyogeuka mkaa hupitisha umeme vizuri kuliko chumvi yenyewe. Hapo moto huwa karibu.

Wapo wanaoamini kwamba fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 huruhusu karibu wati 3,000 kupita, ilhali sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inatosha kuunguza plagi. Kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, ni cha lazima kwa sababu humlinda mtu anayetia mkono majini. Cha miliampea 30 ndicho kinachofaa. Lakini nacho hutambua umeme unaopotea kuelekea ardhini, si ule unaovuja baina ya nyaya mbili ndani ya plagi ileile.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mahali pa kuweka soketi. Ziwe ubavuni, mbali na tangi, kamwe zisiwe chini yake wala nyuma ya ukingo wake. Waya ulegezwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili maji yadondoke sakafuni. Mlegezo huo huzuia matone, hauzuii ukoko. Ukoko hufutwa kila wiki kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, baada ya kuzima umeme na kuchomoa plagi. Plagi irudishwe ikiwa kavu kabisa.

Tangi lifunikwe, na mapovu yapunguzwe kadiri samaki wanavyoweza kustahimili. Taa na vidhibiti visiwekwe juu ya maji yaliyo wazi, hasa vile vyenye feni, kwani feni huvuta hewa ya chumvi hadi ndani.

Meno ya plagi yakionekana ya kijani au plastiki ikiwa na weusi, plagi ibadilishwe. Kuikwangua kwa msasa hakuondoi mkaa. Soketi iliyoungua ibadilishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Katika muda huo pampu ya hewa inayotumia betri iwe tayari, maana tangi lenye samaki wengi huweza kuishiwa oksijeni ndani ya saa chache.