Mota Haiungui Yenyewe

Harufu ndiyo hutangulia. Mashine ya kusaga inaanza kuvuma kwa sauti nzito, mkanda unapunguza mwendo, kisha chumba kinajaa harufu ya vanishi iliyoungua, harufu chungu inayokwaruza koo. Waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wanatazamana. Mwenye mashine anakimbilia swichi, lakini amechelewa. Kwa watu wa Masieda, kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, kama kwa majirani zao wa Hanang, jambo la namna hiyo lina maana moja: kuanzia kesho unga utafuatwa kijiji kingine, kwa miguu, kwa punda au kwa bodaboda.

Kinachofuata kinajulikana. Mota inafunguliwa, inafungwa nyuma ya pikipiki na kupelekwa mjini kwa fundi wa kusuka. Inarudi na waya mpya na rangi mpya. Inafungwa, inasaga, watu wanashukuru. Miezi michache baadaye inaungua tena, na lawama zote zinamwangukia msukaji kwamba kapunja waya. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mota iliuawa na kitu kingine, na kitu hicho hakikupanda pikipiki kwenda mjini. Kilibaki palepale kwenye chumba cha mashine, kikiisubiri mota irudi.

Hapo ndipo lilipo suala zima la mafunzo ya mafundi wa mitambo inayoendeshwa kwa umeme. Kufunga mota ni kazi ya saa moja. Kujua kwa nini iliungua ni kazi ya kusomea.

Mota kubwa ya mashine ya kusaga hutumia umeme wa njia tatu. Kati ya waya mmoja na mwingine kuna volti 400, na nyaya zote tatu hugawana mzigo. Fyuzi moja ikikatika, au kiungo kimoja kwenye nguzo kikilegea, njia moja hupotea. Mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Huendelea na njia mbili zilizobaki, ikivuta umeme mwingi zaidi kufidia ile iliyokosekana. Iliyokuwa imesimama ikiwashwa katika hali hiyo haizunguki kabisa, hunguruma tu, na joto hupanda upesi. Kifaa cha kuzuia maafa hayo kipo, ndicho kile mafundi wanachokiita ovalodi. Kina skrubu ndogo ya kupangia kiwango cha ampea, na kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibati cha mota. Kwa bahati mbaya, kifaa kinachokatakata umeme mchana kutwa humuudhi mwenye biashara, naye fundi asiyejua sababu huizungusha ile skrubu hadi mwisho, au hukiruka kifaa chote kwa kipande cha waya. Kuanzia hapo mota haina mlinzi.

Tena si lazima kosa liwe la umeme. Beringi iliyokauka grisi, mkanda uliokazwa kupita kiasi, puli mbili zisizolingana, chekeche lililoziba kwa mahindi mabichi: yote hayo ni mambo ya mitambo, lakini waya wa shaba ndio unaolipa. Mota hulazimika kusukuma mzigo mzito kuliko uwezo wake, huvuta ampea zaidi, hupata joto. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria wanayoitumia duniani kote: kila joto la waya linapozidi kwa nyuzi 10, maisha ya kinga ya waya hupungua kwa nusu. Wana nyingine inayowashangaza wengi. Volti za njia tatu zikitofautiana kwa asilimia 3.5 tu, ongezeko la joto ndani ya mota hukua kwa karibu robo nzima. Tofauti ndogo kiasi hicho haionekani kwa tesita ya bisibisi. Inahitaji multimita, na mtu aliyefundishwa kupima njia zote tatu wakati mashine inasaga, siyo ikiwa imepumzika.

Nyanda za Mbulu zina lao pia. Mota nyingi hutengenezwa kwa viwango vya kimataifa vinavyochukulia kwamba zitafanya kazi mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, penye joto lisilozidi nyuzi 40. Sehemu kubwa ya nyanda hizo imepita mita 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo feni ya mota husukuma hewa isiyobeba joto sawasawa. Baridi ya mlimani hufidia kasoro hiyo, ilimradi chumba cha mashine kiwe na madirisha. Kibanda cha bati kilichofungwa kila upande, vumbi la unga likiwa limefunika mapezi ya mota, hufuta fidia yote hiyo. Injini ya dizeli isiyo na tabo nayo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Mwenye kununua mashine kwa kusoma kibati tu, bila kuuliza itafungwa wapi, ananunua nguvu ambazo hatazipata.

Sasa mtu wa kuyajua haya yote anapatikanaje?

Tanzania haikuanza jana kufundisha ufundi. Sheria ya uanagenzi ilitungwa mwaka 1940, enzi za Mwingereza. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa miaka ya 1950 mwanzoni, ya Moshi ikafuata. Mwaka 1974 ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, na sheria namba 1 ya mwaka 1994 ikaunda VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, inayotegemea kwa sehemu tozo ambayo waajiri hulipa kutokana na mishahara. Kwa Manyara, mkoa wa Mbulu na Hanang, chuo cha VETA cha mkoa kiko Babati. Mbulu kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Tango, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, navyo ni vyuo ambamo mtu mzima anaweza kurudi darasani bila kuulizwa alifeli nini utotoni. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari una mkondo wa amali, unaomruhusu mwanafunzi kuanza fani akiwa bado kidato cha kwanza.

Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu. Anayemaliza huitwa fundi mchundo, na juu yake yuko fundi sanifu, kisha mhandisi. Mfumo wa mafunzo umejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi hupimwa kwa anachoweza kukifanya, siyo kwa anachokumbuka. Kwa maandishi ni mfumo mzuri. Tatizo la mtu wa Masieda ni jinsi fani zilivyogawanywa. Huyu anasoma umeme wa majumbani, yule umeme wa viwandani, mwingine ufundi mitambo, mwingine majokofu na viyoyozi. Mjini mgawanyo huo una maana, kwa sababu kiwanda kinaweza kuajiri wote wanne. Kijijini anafika mmoja, kwa kawaida yule wa umeme wa majumbani, aliyefundishwa vizuri kufunga taa, soketi na mita. Anasimama mbele ya mashine ya kusaga, anaona mota imeungua, anasema kweli tupu: mota imeungua. Beringi haimhusu. Puli haimhusu. Mwenzake wa mitambo angeisikia beringi ile ikilia tangu mlangoni, ila angeogopa kufungua kisanduku cha umeme.

Mashine haijui mgawanyo huo.

Fani inayounganisha pande hizo mbili ipo, na katika vyuo kadhaa nchini inaitwa mekatroniki. Lakini jina lake linawavuta vijana kwenye roboti na viwanda vya kujiendesha, mambo mazuri ambayo hayako Yaeda wala Basotu. Kinachotakiwa huku ni kitu cha chini zaidi na kigumu zaidi: mota, pampu, jenereta, kompresa, paneli ya jua, na kichwa kinachoweza kufuata kosa kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nyundo za kusagia.

Ni haki kukumbuka kwamba eneo hili lilikuwa na wahunzi wake zamani, na hata leo wapo. Kati ya Wadatoga, ukoo wa Gidang'odiga ndio wenye kazi ya chuma. Huyeyusha kufuli mbovu na mabomba chakavu kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi na kutengeneza bangili, na misumari huigeuza kuwa vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali na vitu vingine. Mtoto hujifunza kwa kuvuta mivukuto na kutazama. Ni elimu kamili, kwa kuwa katika chuma kilicho motoni kila kitu kinaonekana: rangi ya moto inamwambia mhunzi joto limefika wapi. Umeme hauna rangi. Kijana aliyejifunza kwa kutazama mikono ya fundi gereji anaona nyaya zikifungwa, haoni ampea zikipita. Anajifunza tendo bila kujua sababu yake.

Hasara ya kujifunza kwa kutazama tu inaonekana wazi kwenye kusuka mota. Msukaji hodari, kabla ya kuondoa waya mbovu, huhesabu mizunguko ya kila koili, hupima unene wa waya, huchora zilivyopishana. Asiye na kipimo hukisia. Mota hiyo ikiungua tena na kupelekwa kwa fundi wa pili, huyu huhesabu kwa uaminifu kabisa makosa ya wa kwanza na kuyarudia. Wengine hulainisha vanishi ya zamani kwa kuitumbukiza stata, sehemu ya mota yenye koili, kwenye moto wa kuni. Waya hutoka kirahisi, lakini joto likipita takriban nyuzi 370 hukaanga kinga iliyo kati ya vibati vyembamba vya chuma, na tangu siku hiyo mota hutoa joto hata isipobeba mzigo wowote.

Hasara ya kukosa mafundi wa namna hii imewahi kuhesabiwa, kwenye maji. Orodha moja ya Wizara ya Maji iliyotolewa wazi kwa umma, iliyokusanywa zaidi miaka ya 2011 hadi 2013, ina vituo 59,400 vya maji kutoka pande zote za nchi. Vilivyokuwa vinafanya kazi vilikuwa 32,259. Vingine 4,317 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Vyanzo vilivyokauka vimo, na ugomvi wa kamati za maji pia haukosekani, ila mtu yeyote aliyewahi kuchangia pampu ya kijiji anajua ni mara ngapi kisa huwa ni mpira mmoja uliochakaa au waya mmoja ulioliwa na panya. Sheria ya maji ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuviweka chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vyenye wajibu wa kuendesha na kutunza miradi. Wajibu umeandikwa. Na pampu za siku hizi zimeacha kuwa mpini wa kusukuma juu na chini; ni mota iliyozamishwa kisimani na kulishwa na paneli za jua, na ikizunguka bila maji kwa muda mfupi tu huharibika. Kuitoa ni kuvuta bomba lote juu. Ndiyo maana fundi wake anatakiwa apime kwanza kinga ya waya akiwa huku juu, kwa kifaa kinachoitwa mega kinachosukuma volti 500, aone kama inafika angalau megaohmu moja, kabla ya kuamua kuinua chochote.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisheni wa Norway, inaonyesha upande ulio mzito kuliko pande zote. Mashine ya kuzalisha oksijeni kimsingi ni kompresa inayosukuma hewa ya kawaida kupitia madini yanayonasa naitrojeni. Chujio lake likijaa vumbi, au unyevu ukiyaingia madini hayo, mashine itaendelea kunguruma vilevile huku inachotoa kikipungua ubora. Shirika la Afya Duniani linataka usafi wa oksijeni usishuke chini ya asilimia 82. Sikio halitambui tofauti hiyo. Wanaosomea vifaa vya namna hii hupatikana Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, chenye stashahada ya umeme na vifaa tiba.

Serikali imetangaza kwamba nguzo zimefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Nguzo huvuta mashine. Mashine za kusaga, za kukoboa, friji za duka, mashine za kuchomelea, zote zitaharibika kwa zamu zake, na leseni za kufunga umeme za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, pamoja na umuhimu wake, zinasimamia ufungaji zaidi kuliko ukarabati wa kitu kilichokwisha kufungwa.

Vyuo vinaweza kubadili mambo mawili bila kungoja majengo mapya. La kwanza, karakana nyingi hufundishia mashine nzima zilizopangwa vizuri kwenye meza; zifundishie mbovu. Mota kumi zilizoungua, kila moja kwa sababu yake, na mwanafunzi asifaulu mpaka aseme kilichoiua kila moja. La pili ni kuwafuata waliokwisha kuwa kazini. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi hupimwa, huongezewa alichokosa, hupewa cheti. Msukaji wa Dongobesh au Katesh mwenye miaka 15 ya kazi hahitaji kuanza ngazi ya kwanza na watoto. Anahitaji wiki chache za mega, multimita na hesabu ya ampea.

Naye mwenye mashine wa Masieda, mota yake inaporudi kutoka mjini safari ijayo, asimlipe fundi hela ya mwisho kabla hajajibiwa maswali matatu: ovalodi imepangwa ampea ngapi na kibati kinasema ngapi; volti za njia zote tatu zilisomekaje mashine ikiwa inasaga; na beringi ziliguswa lini. Fundi asiyeweza kuyajibu atarudi kuifungua mota hiyohiyo.