Kifundo Kilichoteguka Hupona bila Kisu



Mpira wa Ijumaa jioni ni starehe yetu sisi watu wa Kismayu. Wachukuzi wa bandarini hucheza na wavuvi, na wenzetu wa Koyama na Chula nao humo. Lakini Jumamosi asubuhi utamwona mchukuzi anachechemea na gunia mgongoni, kwani asipofanya kazi hapati ujira. Ndiyo sababu tunaliandika jambo hili.

Mguu ukipinduka kwa ndani, mara nyingi zinazoumia ni kano za upande wa nje wa kifundo, yaani zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Wako wanaodhani kwamba mguu ukivimba sana hapana budi kupasuliwa. Si kweli. Kano nyingi, hata zilizokatika, hushika tena bila kisu, mradi zitunzwe na zipewe muda.

Kwanza tuhakikishe hakuna mfupa uliovunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambayo hata sisi twaweza kuifuata. Je, majeruhi ameshindwa kwenda hatua nne, mara alipoumia na tena anapopimwa? Je, akibonyezwa anaumia juu ya mfupa wenyewe, nyuma ya jicho la mguu au kwenye ncha yake, ama katikati ya wayo? Likiwepo moja katika hayo, apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Mguu uliopinda, au vidole vilivyokufa ganzi na kuwa baridi, ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile.

Kama mfupa ni mzima, mchezaji atoke uwanjani. Barafu ya wavuvi ifungwe katika kitambaa, iwekwe dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Afungwe bendeji kuanzia karibu na vidole kwenda juu, isibane mno, na mguu uinuliwe juu ya mto. Siku tatu za mwanzo asikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto, maana uvimbe utazidi.

Baada ya hapo asilale tu. Aanze kuchezesha kifundo polepole na kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Akiweza kusimama, asimame kwa mguu ule mmoja, dakika chache kila siku, kwa wiki kadhaa. Zoezi hili halina gharama, nalo hupunguza sana hatari ya kuteguka tena. Jeraha dogo huchukua wiki moja au mbili, kubwa huweza kufika wiki 6 hadi 12. Kisu hufikiriwa kama kifundo kingali kinalegea baada ya mazoezi ya miezi kadhaa.

Hapa ndipo umoja wetu unapohitajika. Mnyapara anayemrudisha majeruhi kwenye magunia siku ya tatu atabaki na mtu mwenye kifundo kibovu mwaka mzima. Tudai apewe kazi nyepesi, kuhesabu mizigo au kushona magunia, kwa ujira ule ule. Na kila kikosi cha wachukuzi kichange kidogo kidogo, ili aliyeumia asilazimike kubeba kabla hajapona.

Leo ni zamu yake, kesho ni yetu.