Kabla ya kununua bathtabu, pima bafu lako

Tangu Nyang'hwale iwe wilaya ndani ya Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, Kharumwa ndiyo makao makuu yake, na makao makuu huvuta nyumba. Watumishi wanatafuta pa kupanga, waliopata kwenye dhahabu wanajenga, wenye nyumba za zamani wanakarabati. Kila mmoja anataka chumba masta, hata kama bafu lenyewe litamegwa kwenye kona au kugeuzwa kutoka stoo.

Kwenye mabafu ya namna hiyo, kubadilisha bathtabu ni kazi ya hesabu. Ya zamani ikipasuka, mwenye nyumba hukimbilia Kahama au Mwanza kununua nyingine ya urefu uleule. Inafika, haiingii. Kuirudisha ni nauli ya pili.

Bathtabu nyingi madukani zina urefu wa sentimita 150 au 170. Bafu la futi 5 lina sentimita 152, kwa hiyo inaonekana itatosha. Lakini futi 5 hizo ni za tofali kwa tofali. Toa plasta, gundi na marumaru, tuseme sentimita 3 kila upande, unabaki na 146. Ile ya zamani iliingia kwa sababu iliwekwa kwanza, marumaru zikafuata juu ya kingo zake.

Halafu kuta zenyewe hazinyooki. Pima chini, usawa wa kiuno na juu, kisha fuata kipimo kidogo kuliko vyote. Kagua na kona: weka alama sentimita 60 ukuta mmoja na 80 ukuta wa pili. Kati ya alama hizo panatakiwa 100 kamili. Ukipata 102, kona imefunguka, na bathtabu itaacha mwanya wa kupitisha maji. Usisahau upana wa mlango na upande lilipo tundu la maji machafu.

Wapo wanaojenga bathtabu ya tofali kufuata umbo la chumba. Inawezekana, ila piga hesabu ya maji. Yenye urefu wa sentimita 120, upana 70 na kina 40 hubeba lita 336, karibu ndoo 17 za lita 20. Hata ukijaza nusu, hayo ni maji ya familia nzima kuoga kwa ndoo.

Kwa bafu dogo lililopinda, ushauri wangu ni shawa ya sakafuni yenye kizingiti kifupi. Inafuata umbo lolote, haimezi tenki, na bibi mwenye magoti mabovu haruki ukingo mrefu. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na chini yake iwepo trapu inayobakiza maji ya kuzuia harufu. Kabla ya marumaru, paka dawa ya kuzuia maji, iache ikauke, ziba tundu, mwaga maji, chora alama ya penseli yalipofikia, uache hadi kesho yake. Yakishuka, kuna panapovuja, na kupaziba sasa ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Kwa hiyo mlipe fundi aje apime kwanza, akuandikie vipimo kwenye karatasi, ndipo uende dukani. Fedha hiyo ni ndogo, na ndiyo itakayookoa zote zinazofuata.